Bonde la Dada Koleta

Julai iliyopita nilikwenda uwanja wa ndege wa Dar es Salaam kumpokea mwanamke mmoja na picha moja. Mwanamke nilimpita bila kumjua, kwa sababu nilikuwa nikimtafuta msichana mwembamba mwenye nywele za kusuka, na aliyekuja alikuwa mama mtu mzima, mnene wa heshima, mwenye miwani. Picha sikuipita. Ilikuwa imefungwa ndani ya blanketi la rangi ya damu ya mzee, ukubwa wa mlango wa kabati la nguo, na wapagazi wawili waliibeba kama watu wanaombeba mgonjwa. Afisa wa forodha akaugonga mzigo kwa kidole. "Hii ni nini, dada?" Yule mwanamke, Thandeka, akafikiri kidogo, akilitafuta neno la Kiswahili mahali alipoliacha. "Milima," akasema. "Milima ya wapi?" Hapo nikaingilia kati, maana mimi ni mtu wa kuingilia kati kila palipo na jibu ninalolijua. "Ya Uluguru," nikamwambia yule afisa. "Inarudi kwao." Akacheka, akatupisha. Thandeka hakucheka. Alinitazama kwa jicho la upande, jicho lile lile la miaka ishirini iliyopita, ambalo siku zote lilinifanya nihisi nimefunga vifungo vya shati kombo.

Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amenipigia simu kuniambia kwamba mama yake, Dada Koleta, ametutoka. Alizungumza Kiingereza, isipokuwa neno "mama". Mazishi yalikuwa yamekwisha. Marehemu aliacha agizo moja tu: ile picha ya bonde iliyokuwa sebuleni ipelekwe Mgeta, kwa dada yake mkubwa, na mimi ndiye niipeleke pamoja na Thandeka. Nikamwambia nimeelewa kabisa. Ninapata riziki yangu kwa kuandika magazetini kuhusu mambo ninayodhani nimeyaelewa, kwa hiyo neno hilo hunitoka kirahisi.

Mwaka 2004 nilikuwa na miaka ishirini na saba, nikisomea shahada ya pili ya jiografia Johannesburg. Tasnifu yangu ilihusu mmomonyoko wa udongo katika miteremko ya Uluguru. Msomaji atauliza kwa nini mtu asafiri hadi Johannesburg kuandika kuhusu milima inayoonekana kutoka stendi ya mabasi ya mji aliozaliwa. Jibu ni kwamba ufadhili ulikuwa huko. Milimani kwenyewe nilikuwa nimepanda mara mbili tu, utotoni, mara zote kwa ajili ya msiba, na nilichokikumbuka ni baridi na magoti ya watu wazima. Lakini maktabani, ghorofa ya juu, kwenye meza iliyotazamana na ukuta, niliijua milima ile vizuri sana. Nilijua mwinuko wa kila kilele na aina ya udongo wa kila mteremko. Jioni nilikunja ramani zangu, nikapanda teksi ya abiria kumi na watano kwenda kusini mwa jiji, nikashuka kwenye robot ya pili, kama wanavyoziita taa za barabarani kule, nikatembea hadi mtaa wa La Rochelle.

Nilipanga chumba kwa Dada Koleta, upande wa nyuma, kilichokuwa banda la gari kabla gari halijauzwa. Kilikuwa na kitanda, dirisha dogo lililotazama ukuta wa jirani, na doa la oili sakafuni ambalo nililifunika kwa zulia na ambalo nilikuwa nikilinusa kila usiku wa joto. Siku ya kwanza Dada Koleta hakuniuliza kazi wala dini. Aliniuliza ukoo wa mama yangu. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na nilipoutaja, akaweka mwiko mezani akanitazama kama mtu aliyeokota kitu chake njiani. "Basi wewe ni mdogo wangu," akasema. "Na huyu," akamwonyesha binti yake aliyekuwa akipaka rangi kucha, "ni mpwa wako. Thandeka, msalimie mjomba." Thandeka hakuinua macho. "Sharp, Malume," akasema. Sharp ni "poa" ya vijana wa kule. Malume ni mjomba kwa Kizulu, na alilitamka kama mtu anayemtania paka kwa kumwita simba. Udugu huo haukupunguza kodi ya chumba hata kidogo, ila ulinipa haki ya kula jikoni.

Jiko lile ndilo lililokuwa nyumba yangu mwaka ule. Meza ya mbao iliyofunikwa plastiki ya maua, viti vinne visivyofanana, redio, na sinki chini ya dirisha kubwa lililotazama kaskazini, mahali ambapo Dada Koleta alisimama sehemu kubwa ya maisha yake. Tulikula uji mgumu wa mahindi ambao yeye aliuita ugali na Thandeka aliuita pap, miguu ya kuku, mchicha, achari ya maembe ya dukani, na Jumamosi mkate mweupe wa Wareno wa kona, uliokuwa na ganda gumu la kuchoma ufizi. Mwezi wa Agosti kila chombo kilifunikwa kwa kitambaa, kwa sababu upepo ulikuja na vumbi la njano kutoka kwenye vifusi vya migodi ya zamani, likaingia kwenye chumvi, kwenye masikio, kwenye kurasa za tasnifu. Dada Koleta alilifuta asubuhi, mchana na jioni, bila hasira, kama mtu anayemfuta mtoto kamasi. Mimi nililalamika. Thandeka alikuwa amelizoea kiasi kwamba alichora juu yake kwa kidole kwenye ukingo wa dirisha, nyota na mioyo, akingoja simu ya mchumba wake.

Nisiseme kwamba jiko lile liliniponya upweke. Liliupa saa za mapumziko tu. Wakati mwingine wote nilikuwa nao: kwenye teksi, ambamo abiria walinisemesha Kizulu nami nikajibu kwa tabasamu hadi misuli ya mashavu ikauma, maktabani, ambapo mtu pekee aliyenijua jina alikuwa mlinzi, na Jumapili, siku mbaya kuliko zote, nilipokuwa nikitembea hadi Park Station kutazama mabasi yanayoelekea kaskazini na kusoma majina ya miji kwenye vioo vyao. Sikuwa na safari. Nilisoma tu, kama mtu anayesoma orodha ya vyakula kwenye mlango wa hoteli aliyoshindwa kuingia. Halafu nilirudi La Rochelle na kumkuta Dada Koleta sinkini, mgongo wake kwangu, na nilijua bila kuambiwa kwamba Jumapili yake ilikuwa kama yangu. Mume wake, Msauzi aliyeishi ukimbizini Morogoro miaka mingi, alirudi naye kwao pamoja na mtoto wa miaka minane, akaishi kidogo, akafa. Mjane akabaki katika nchi ambayo aliyemleta hayupo. Mtoto naye alikuja na Kiswahili, lakini shuleni wenzake walimwita kwerekwere, jina la kumdhihaki mgeni, na ndani ya mwaka mmoja alikivua Kiswahili getini kama sweta linalowasha. Mama alisema kwa Kiswahili, binti alijibu kwa Kiingereza au Kizulu, na walielewana kwa kila kitu isipokuwa kile ambacho kila mmoja alitaka kusema.

Mwezi wa Juni ikaja habari kwamba ukoo wa Sipho, mchumba wa Thandeka, utatuma wazee kuja kuzungumza lobola, yaani mahari. Dada Koleta alipokea habari hiyo kwa kutazama kuta za sebule. Ukuta mmoja ulijaa picha za upande wa marehemu mumewe: babu na fimbo, shangazi na kofia za kanisani, mjomba mcheza ngumi. Ukuta wa pili ulikuwa mtupu. Hakuwa na picha hata moja ya kwao. Zilipotea kwenye safari ya kuja Johannesburg, ndani ya sanduku ambalo halikufika. "Watu wataingia hapa," aliniambia, "wataona mtoto ana baba. Wataona mama alidondoka kutoka juu." Kisha akasema jambo ambalo sikulisahau: "Si wageni tu, mdogo wangu. Hata mwenyewe Thandeka. Anaolewa kesho kutwa, na akilini mwake mimi natoka jikoni."

Ndipo akaletwa Papa Balthazar. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mchoraji, aliyeishi Yeoville katika chumba nyuma ya saluni, na mabango ya mitindo ya nywele ya mtaa ule yote yalitoka mkononi mwake. Mabango aliyaita "mkate", kwa dharau. Kazi yake halisi, alitueleza akivua skafu ya hariri, ilikuwa mandhari, na katika mandhari hakuwa na mpinzani kuanzia Ziwa Kivu hadi hapo. Dada Koleta alitaka achorewe bonde la kwao Mgeta. Papa Balthazar hakuwahi kufika Tanzania. Hilo halikumsumbua hata kidogo. "Mama, weye utaongea," alisema. "Mi nitasikiliza. Picha iko ndani ya mdomo yako tayari."

Kwa Jumamosi kadhaa aliweka turubai lake la kuchorea jikoni, kwa kuwa mwanga ulikuwa mzuri pale, na Dada Koleta aliosha vyombo na kusema. Mimi nilijifanya nasoma mezani. Thandeka alijifanya hasikii, akipita na kurudi na simu yake. "Unatoka kanisani," Dada Koleta alisema, "unashuka. Mto unausikia kabla hujauona. Unavuka kwenye mawe, jiwe la tatu linacheza, uwe mwangalifu. Halafu unapanda, kulia matuta ya njegere ya marehemu bibi, kushoto miti ya matunda. Unapumzika kwenye mwamba wa Mama Anjela. Ukipumzika hapo lazima usalimie, hata kama hayupo." Papa Balthazar akaweka brashi chini. "Mama, pole. Weye unanipa njia. Mi naomba sura." "Sura yake ndiyo hiyo njia." "Milima iko na rangi gani?" "Rangi ya milima! Umewahi kuona milima ya rangi nyingine?" "Eh, mama, nimeona mingi." Akacheka, akaendelea. Na nakumbuka vizuri sana, kwa sababu niliona ni uchafu, kwamba alikuwa akikwangua vumbi la njano kwenye ukingo wa dirisha kwa kisu chake na kulichanganya na rangi ili iwe nzito. Nyota na mioyo ya Thandeka iliingia humo pia. Dada Koleta alimwona. "Baba, unatia taka kwenye nchi yangu." "Inashika muzuri, mama. Hii haitatoka."

Niliona ni wajibu wangu kama msomi kusaidia. Nikaleta kutoka maktabani nakala ya ramani ya kontua ya eneo lile, nikaitandaza mezani, nikamweleza Papa Balthazar kwamba mistari ikibanana mteremko ni mkali na ikiachana ni tambarare. Alivaa miwani, akainama, akaitazama kwa muda mrefu wa adabu. "Kijana," akasema, "hii ni alama ya kidole ya nani?" Thandeka, aliyekuwa mlangoni na simu sikioni, alicheka kwa sauti, jambo lililoonyesha kwamba Kiswahili kilikuwa bado kinamwingia. Nilikunja ramani. Lakini sikukubali kushindwa. Nilimuuliza atachoraje mahali asipopaona, bila picha, bila ramani. Akanijibu kwa sauti ya chini, ili Dada Koleta asisikie: "Mi nachora kwenye macho yake iko." Nikaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Nilidhani ni maneno ya wasanii, na nilikuwa nimesoma kwamba wasanii huachwa waseme.

Siku aliyoileta ikiwa imekamilika, na fremu, tuliisimamisha juu ya kiti. Ilikuwa bonde, hilo halikuwa na ubishi. Milima ilisimama pande zote, ya njano, njano ya haradali iliyoungua, yenye vichwa bapa na mifereji myekundu iliyoteremka kama makucha. Anga lilikuwa la kijani. Kivuli kilikuwa zambarau. Njia ilipanda katikati, nyembamba, imepinda kama ufa kwenye sahani, na chini yake mto wa bluu karibu na weusi. Hapakuwa na mtu wala nyumba. Rangi ilisimama juu ya turubai kama tope lililokauka, na ukiikaribia uliona haina kitu, ni mikwaruzo. Ukirudi nyuma, ilikukaba. Sijawahi kuona kitu kipweke kama kile, wala kilichonijua namna ile. Nilitaka kukaa mbele yake siku nzima. Dada Koleta alitaka kukaa chini. "Nimeomba nyumbani," alisema baada ya mchoraji kuondoka, "ameniletea jehanamu." Nikaanza kumweleza. Nikamwambia kuna wachoraji ambao hawachori kitu kilivyo, huchora kinavyowakaa moyoni, na kwamba Ulaya walikuwepo wengi, na rangi kwao ni kilio. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa kuwa alinipenda. "Moyoni mwa nani?" akauliza. "Milima ni yangu, moyo ni wake. Sasa mimi nimepata nini?"

Muda wa kutafuta nyingine haukuwepo. Isitoshe, Papa Balthazar alikuwa amealikwa siku ya wageni, na Dada Koleta hakuwa mtu wa kumwaibisha mgeni kwa kuiondoa kazi yake ukutani. Wala hakuweza kuitazama. Akapata suluhisho la kiungwana: akaitundika picha kwenye ukuta mtupu, kisha akaifunika kwa kanga. Papa Balthazar akija, alisema, tutamwambia ni kwa ajili ya vumbi.

Wazee wa akina Sipho walifika Jumamosi asubuhi, wanne, wamevaa makoti, wakasimama nje ya geti wakiita majina ya ukoo wetu kwa sauti kama desturi inavyotaka, na kama desturi inavyotaka tuliwaacha wasimame kwanza. Ndani alikuwepo baba mdogo wa Thandeka, mdogo wa marehemu, aliyekuja kutoka Soweto kuongoza mazungumzo. Nilikuwepo mimi, Malume, ndani ya koti la marehemu lililonifika magotini. Papa Balthazar alikaa pembeni na skafu yake. Thandeka alifichwa chumbani, maana binti haonekani hadi aitwe kuulizwa kama anawafahamu watu hawa. Harufu ya nyama ilijaa nyumba. Wazee wakaingizwa. Wa mbele, Mzee Dube, mrefu mkavu mwenye kofia mkononi, akavuka kizingiti, akautazama ukuta, akasimama. Wenzake wakagongana nyuma yake. Akarudi hatua moja.

"Kuna msiba hapa," alisema kwa Kizulu.

Tukatazamana. Baba mdogo akageuka, akaiona kanga, akajishika kichwa. Mimi nilichelewa kuelewa, na Dada Koleta alichelewa pia, kwa kuwa kwetu kanga juu ya kitu ni usafi tu. Lakini pale watu wakifiwa hufunika vioo na picha ukutani, na hakuna mzee mwenye akili zake anayezungumza lobola katika nyumba ya matanga. "Eish, baba," baba mdogo alianza, "hapana, hakuna aliyekufa, ni..." "Ni nini?" "Ni picha tu." "Picha ya nani?" Baba mdogo akanigeukia mimi. Hakujua. Nami nilitafuta Kizulu changu chote na nikakuta kina "habari", "asante" na "shukia robot". Papa Balthazar alikuwa ameinuka, ameitambua fremu yake, na uso wake ulikuwa umebadilika. Dada Koleta alisimama mlangoni mwa jiko na taulo mkononi. Nilimwona akiona jinsi itakavyokuwa: atavuta kanga, jehanamu itatokea, na wazee watauliza ni mahali gani hapo, naye atalazimika kusema ni kwao. Hakusogea. Mzee Dube aliivaa kofia yake. "Tutarudi mkimaliza kuomboleza," akasema, kwa upole wa kutisha.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa, akatoka Thandeka. Baba mdogo akamkaripia, hakumjali. Alikuwa peku, kitambaa kichwani, nusu ya kucha zimepakwa rangi. Akaenda moja kwa moja ukutani, akaivuta kanga, akaitupa begani. Milima ya njano ikatutazama wote. "Hapa ni kwao mama," alisema kwa Kizulu, na baba mdogo alinitafsiria baadaye, ingawa wakati ule nilielewa kwa kidole chake. "Unatoka kanisani, hapa. Unashuka. Mto unausikia kabla hujauona. Hapa kuna mawe, la tatu linacheza. Hapa bibi yake mama alilima njegere. Na hapa," kidole kikagota kwenye mfereji mwekundu ambao hakuna mtu duniani angeuona kuwa mwamba, "ni mahali pa kupumzika, pa Mama Anjela. Ukipita lazima usalimie." Kisha akageuka akawatazama wale wazee. "Na nyie mmesimama hapo bila kusalimia."

Mzee Dube alisogea, akainama mbele ya picha, mikono nyuma. "Njia ni kali hii," akasema hatimaye. "Ng'ombe wetu watapandaje huko?" "Leteni wenye miguu mizuri," akajibu baba mdogo, haraka, na mzee wa nyuma akacheka, na Mzee Dube akavua kofia. Akausalimu ule mfereji mwekundu. Nakwambia aliusalimu, kwa jina la Mama Anjela, kisha akakaa. Thandeka alifukuzwa kurudi chumbani. Alipopita mlangoni mwa jiko mama yake alimshika kifundo cha mkono, akamwachia. Baadaye niliingia jikoni kutafuta maji nikamkuta Dada Koleta sinkini akilia bila sauti, anasugua sufuria iliyokuwa safi. "Alikuwa anasikia," aliniambia. "Siku zote zile, alikuwa anasikia."

Kanga haikurudi ukutani tena. Thandeka aliolewa Septemba akahamia kwa mumewe, na nyumba ikabaki na sisi wawili na picha. Miezi ile ya mwisho ilikuwa mipweke kuliko yote, lakini upweke wake ulikuwa na pa kukaa: jioni nilibeba sahani yangu sebuleni nikala nikiwa nimelitazama bonde. Desemba niliwasilisha tasnifu, nikaondoka. Na tangu hapo, miaka ishirini, kila niliposhindwa kulala katika miji mingine, Dodoma, Nairobi, nyumbani kwangu mwenyewe baada ya ndoa yangu kuvunjika, nilifumba macho na ile milima ya njano ikaja. Niliiita Uluguru. Niliiandikia makala mbili nzuri sana.

Mgeta tulifika kwa gari la kukodi, picha imefungwa juu ya paa, ukungu umetanda barabara nzima. Dada mkubwa wa marehemu, Mama Paulina, anaishi kwenye nyumba ile ile ya kwao, juu ya mto. Ana kigoda chake, fimbo, na macho yaliyo mazima. Tuliisimamisha picha barazani, tukaitegemeza ukutani, Thandeka akalifungua blanketi. Ukungu ulikuwa umeinuka, na nyuma yetu bonde lenyewe lilikuwa wazi: kijani juu ya kijani, matuta, moshi wa majiko, mto unaosikika kabla ya kuonekana. Mama Paulina alitazama picha. Akageuka akatazama bonde. Akarudi kwenye picha.

"Hapa si kwetu," alisema.

Nikafungua mdomo nimweleze juu ya wachoraji wa Ulaya. Thandeka alinigusa mkono. "Ni kweli, mama mkubwa," alisema, kwa Kiswahili, polepole, kama anayevuka mto kwenye mawe. "Si hapa. Ni kwetu Joburg. Ni mlima ya mgodi. Mchanga walitoa chini, wakati wanatafuta dhahabu. Ilikuwa mbele ya dirisha ya jikoni. Mama anaosha vyombo, anaangalia hiyo. Anaongea juu ya hapa, lakini macho yake iko kule. Sasa haiko tena. Malori yalikuja, yalibeba yote." Akanigeukia na lile jicho la upande, lakini safari hii lilikuwa na huruma. "Mjomba. Hukujua?"

Sikujua. Mimi, mtaalamu wa miinuko na miteremko, niliyepita chini ya vifusi vile kila asubuhi na kila jioni mwaka mzima, nimevifuta kwenye kitabu changu, nimevitema. Vichwa bapa. Mifereji myekundu ya maji ya mvua: mmomonyoko wa udongo, Mungu wangu, mfano bora kuliko wowote niliousoma, dirishani, nami nimeupa kisogo nikila mchicha. Kumbe miaka ishirini nilikuwa nikiikumbuka Johannesburg na kudhani naikumbuka Uluguru. "Na mama yako?" nikauliza. "Alijua?" Thandeka akacheka kidogo. "Nilimwambia mimi, kabla ya harusi. Halafu alisema, basi, hiyo picha siku moja ipelekwe nyumbani, dada yake aone. Alisema, watu wa huku Joburg wameona nilikotoka. Watu wa kule nyumbani hawajaona nilikokuwa."

Mama Paulina alikuwa bado anatazama. Akainama, akaugusa mlima mmoja kwa ncha ya kidole, akakiinua kidole karibu na macho yake. "Na yeye yuko wapi humu?" akauliza. "Sioni nyumba. Sioni mtu."

"Hayumo, mama mkubwa. Yeye yuko kwenye dirisha. Hapa tulipo sisi."

Yule mama alifikiri. Kisha akakisukuma kigoda chake kwa fimbo, kidogo kushoto, kidogo mbele, hadi kikawa katikati kabisa ya picha, akakaa, bonde lake mwenyewe likiwa nyuma ya mgongo wake.

"Vumbi lilikuwa linaingia?" akauliza.

"Sana. Kila Agosti."

"Na alikuwa anafuta?"

"Kila siku."

Akatikisa kichwa taratibu. Akakaa pale tukimsikiliza anavyopumua, na mto chini. Halafu akamwita mjukuu wake ndani amletee kitambaa, na alipoletewa akakilowesha kidogo, akaanza kuifuta fremu, pembe kwa pembe, bila hasira.